Msikiti Mkuu wa Kilwa: jengo liko kisiwani, vyombo viko makumbusho ya Posta, Dar

Wadau, mimi sio mtu wa historia. Mimi ni fundi wa finishi hapa hapa Dar, lipu, skimu, jipsamu, rangi, nimehangaika na kuta za mji huu kuanzia Tegeta mpaka Kigamboni, kwa hiyo mrejesho huu msiusome kama wa mwalimu wa chuo, usomeni kama wa fundi aliyeitwa kukagua kazi ya fundi mwenzake, sema tu mwenzangu huyo keshakufa miaka mia sita huko na hawezi kunijibu. Jengo lenyewe ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Watu wa Dar wengi tunaujua kwenye picha, zile nguzo na kuba, ila ukimuuliza mtu umefika anakwambia bado, na Zanzibar kaenda mara tano.

Nianze na kero niimalize. Safari tulinunua kwa jamaa anayeandaa trip za wikiendi, simtaji. Tuliambiwa Kosta inatoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi usiku kamili, mimi na mama watoto tukaamka saa nane, tukafika, tukakaa kwenye Kosta mpaka saa kumi na mbili na nusu tunasubiri watu wawili ambao hawakuja kabisa. Chai iliyoandikwa kwenye tangazo ikawa maandazi mawili mawili na juisi ya boksi. Na yale masaa mawili na nusu ndiyo yaliyotukosesha Songo Mnara, kile kisiwa kingine cha magofu hapo jirani, maana kule lazima uwahi maji. Basi, yameisha. Ukitaka ushauri wangu panda basi la kawaida la Kilwa, shuka Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, lala pale, asubuhi uvuke mwenyewe kwa raha zako.

Njia nzuri, lami mwanzo mwisho, unapita Daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga kuna samaki wa kukaanga wanakuja mpaka dirishani, halafu Nangurukuru unaacha barabara ya Lindi unakata kushoto. Ukifika Masoko unapitia ofisini unalipia kibali na unapewa mtu wa kukutembeza, hilo halina mjadala, huwezi kuvuka tu ukaanza kuzurura kwenye magofu. Sisi tulipewa mzee mmoja mpole, nikamwamkia, akaitika, akaniuliza unafanya kazi gani mwanangu, nikamwambia mimi fundi, toka hapo jina langu likawa fundi mpaka tunaagana. Maji ya kuvuka ni kama kilomita mbili tu, mashua ya tanga, upepo ukiwa mzuri hata hujamaliza kujipiga picha umefika.

Kitu cha kwanza kinachokupokea ni Gereza, ngome iliyokaa ufukweni kabisa. Wareno waliingia hapa 1505 wakauteka mji na kujenga ngome yao, miaka michache baadaye wakaondoka, na hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa baadaye sana. Hapo mzee akatuambia neno gereza lenyewe asili yake ni neno la Kireno la kanisa, igreja. Nikacheka. Yaani watu wamekuja na kanisa sisi tukasikia jela. Lakini kama jengo sikuona la kunishika, ni kuta nene za kijeshi, twende mbele.

Sasa msikiti.

Unaupata kwa ghafla, unatembea kwenye kijia kati ya mibuyu na vibanda vya watu, maana kisiwani wanaishi watu wa kawaida kabisa na mbuzi wao, halafu unatokea hizo kuba hapo. Mama watoto alivua viatu bila kuambiwa. Jengo lina sehemu mbili na ukishajua hilo kila kitu kinakaa sawa. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 na 12 hivi, ndiko iliko kibla na mihirabu, vile vidaka anaposimama imamu, kwa sababu kwetu pwani Makka iko kaskazini. Hii ilikuwa na paa bapa, nafasi kumi na sita kati ya nguzo na nguzo, na nguzo tisa zimebeba dari la boriti na zege la chokaa. Leo paa hakuna, umesimama juani unaangalia mihirabu. Sehemu ya kusini ndiyo nyongeza, aliianzisha Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, huyo ndiye aliyekuwa na hela za dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini huko Msumbiji ya leo, na hapa ndipo akili yangu ya saiti ilipoanza kuzunguka.

Kwa sababu angalieni shida aliyokuwa nayo fundi. Boriti za mikoko hazina urefu, ukitaka nguvu unapata mita mbili na nusu, tatu ukibahatika, ndiyo maana nyumba zote za mawe za zamani za pwani vyumba vyake vyembamba na virefu kama korido. Sasa mteja ni sultani, anataka ukumbi wa watu wote wa Ijumaa. Ukifuata boriti unajaza nguzo mpaka muumini hamwoni imamu. Fundi akaamua kuachana na boriti, akaingia kwenye kuba na dari za pipa, yaani kama umechukua pipa ukalipasua kwa urefu ukalifunika juu ya nguzo. Hazihitaji mbao yoyote kukaa juu, zinajibeba zenyewe, kila jiwe linamsukuma mwenzake mpaka mzigo unashuka kwenye nguzo. Na hakuacha ua wa wazi katikati kama misikiti mingi ya Uarabuni ya zama zile, kafunika kila kitu. Kuna na chumba cha pembeni kilichokuwa na kuba kubwa, inasemekana hakukuwa na kubwa kuizidi pwani yote hii mpaka karne ya 19.

Hiyo ndiyo kazi ya mtu anayejiamini. Ikaanguka.

Sitanii. Nyongeza ya al-Hasan iliporomoka, na sababu nadhani kila fundi akisimama pale ataihisi. Nguzo za mwanzo zilikuwa za jiwe moja moja la tumbawe lililochongwa, nyembamba, za kupendeza, lakini kuba haishuki wima tu, inatanua miguu pia, na nguzo nyembamba ya kipande kimoja haipendi kusukumwa ubavuni. Karne ya 15, chini ya Sultani Sulaiman bin Muhammad, wakaijenga upya kwa nguzo za pembe nane, safari hii za mawe na chokaa zilizojengwa nene, za kazi. Hizo ndizo mnazoziona kwenye picha. Kwa hiyo mtu akikwambia wazee walikuwa hawakosei mwambie walikosea kama sisi, tofauti walirudi saiti.

Nimezishika zile nguzo moja moja kama mwendawazimu, mzee ananisubiri. Kona zake nane bado zimenyooka. Na zile kuba ukiangalia kwa chini zinapendeza ajabu, duara limetulia, hakuna tumbo wala bonde, na sisi leo na jipsamu bodi na leza tunapiga mduara unatoka yai. Hizo kuba wamezipigia juu ya mbao na mirunda, wakasubiri chokaa ikamate, na chokaa haikamati kwa siku tatu kama sementi, ni wiki na wiki. Mteja wangu wa Goba asingevumilia.

Malighafi yote imetoka hapo hapo baharini. Kuta ni matumbawe ya nchi kavu, lile gumu la kokoto tunalolijua. Lakini mihirabu na fremu za milango ni tumbawe lililokatwa likiwa hai chini ya maji, likitoka linakuwa laini unalichonga kama sabuni ya mche, halafu likikauka linakuwa jiwe. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo, yanapangwa juu ya tanuu la magogo, yanachomwa, yanazimwa na maji, halafu unayaacha yalale. Nyumba nzima ni bahari iliyopikwa, kwa kweli.

Sasa ukarabati, na hapa ndipo nilipokwenda nikiwa na wasiwasi kuliko popote. Magofu haya yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, lakini 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, mawimbi yanakula ufukwe, mvua inaosha chokaa, mizizi inapasua kuta. 2014 yakatolewa humo baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Mimi neno ukarabati nikilisikia huwa nashika kichwa, maana kibongobongo ukarabati ni kuleta mifuko ya sementi, kupiga lipu juu ya kila kitu na kumalizia na rangi ya krimu. Nilipofika nikaanza kupapasa viungo. Ni chokaa. Penye ufa wameziba kwa chokaa, penye jiwe limetoka wamerudisha jiwe, na wameacha kuta zionekane zimezeeka, hawajazipaka poda.

Kwa asiye fundi nieleze kidogo kwa nini hili jambo kubwa, na ukiwa na nyumba Mbezi Beach au Kigamboni sikiliza vizuri. Ukuta wa karibu na bahari una chumvi na unyevu ndani yake, kila siku unakunywa maji na kuyatoa. Chokaa inayaachia yapite, yanatoka nje yanakauka. Sementi haipumui, maji yanakwama nyuma yake, chumvi inajikusanya hapo inakuwa fuwele inasukuma, na kwenye ukuta wa tumbawe kinachopasuka ni jiwe lenyewe maana ni laini kuliko ile lipu. Ndiyo ile unaona rangi inavimba malengelenge futi mbili kutoka chini, unabandua, unapaka, inarudi, na mteja anakuangalia usoni anakwambia fundi umeniwekea rangi feki. Mimi nimeshalaumiwa hivyo mara ngapi! Kumbe jibu lilikuwa Kilwa linanisubiri.

Nikija kwenye vitu vya ndani, mimi nawaambia ukweli, hakuna. Mama watoto alizunguka akarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, mbona hamna kitu humu? Hamna mimbari, hamna taa, hamna mkeka, hamna mlango. Kilichobaki ni vile visivyobebeka. Mihirabu ipo. Vidaka vya ukutani vipo. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia, na karibu yake kuna mawe ya duara ya kijivu, ya mchanga mgumu, yameingizwa sakafuni, mimi nikadhani ni vituo vya nguzo zilizong'oka, mzee akacheka akasema fundi hayo ya kusugulia miguu. Unatawadha, unasugua nyayo pale, unaingia na miguu safi. Katika vitu vyote nilivyoviona siku ile hilo jiwe ndilo lililonigusa kuliko kuba zote, sijui kwa nini, labda kwa sababu linamfikiria mtu mwenye matope yake, sio sultani.

Msikiti mdogo wa kuba ulio jirani, wa karne ya 15, una jibu kidogo la hilo swali la mama watoto. Ukiinua kichwa ndani ya zile kuba unaona mashimo ya duara yaliyokuwa na bakuli za kigeni zenye rangi ya kung'aa, walizipachika kwenye chokaa ikiwa mbichi, ndiyo urembo wao wa dari. Nyingi zimeng'olewa. Sisi leo tunaweka taa za jipsamu, wao wakaweka sahani. Na hii misikiti imeachwa wazi hivi, sio kama Azania Front au Mtakatifu Yosefu hapa mjini, yale makanisa Wajerumani waliyajenga kuelekea 1902 na watu wanasali mpaka kesho, ndiyo maana ukiingia Mtakatifu Yosefu kwenye harusi unakuta mabenchi, vioo vya rangi nyuma ya altare, kila kitu kipo na kinafutwa vumbi. Jengo linalotumika linalindwa na matako ya watu, mnisamehe lugha.

Husuni Kubwa nitaipitia haraka maana tulifika tumechoka na jua la saa nane. Ni jumba la al-Hasan huyo huyo, juu ya mwamba linaangalia bahari, vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogelea la pembe nane. Birika ni zuri. Vingine vimebaki misingi na vipande vya kuta, bila mtu wa kukueleza utaona mawe tu. Mzee akatusimulia hapo habari ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Kilwa 1331, jinsi sultani huyu siku ya Ijumaa akitoka kuswali alivyosimamishwa na fakiri wa Yemen, akamwomba nguo alizovaa, naye akaenda akabadilisha akampa pale pale, mtoto wake akaja kuzigomboa zile nguo kwa watumwa kumi, sultani akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Mimi nikabaki na wale ishirini kichwani. Ukarimu wa kutoa binadamu wenzako.

Basi Jumamosi iliyofuata, lile swali la mbona hamna kitu likanipeleka Posta, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert karibu na bustani ya mimea. Angalizo kwa wageni wa jiji, ukimwambia bodaboda au konda Makumbusho atakushusha Kijitonyama kituoni, huko kuna Kijiji cha Makumbusho, ni kingine. Sema Posta. Hapo ndipo Kilwa ikajaa. Vigae vya vyombo vya Kichina vilivyosafiri bahari yote hiyo, vyungu, shanga, na visarafu vidogo vya shaba vilivyopigwa Kilwa kwenyewe. Hizo sarafu upande mmoja zina jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinafungana kwa vina. Hela yenye vina! Yaani unalipa samaki na shairi mkononi. Nikasimama pale nikaanza kurudisha vitu kimoja kimoja kichwani, bakuli hii nairudisha kwenye kuba, hii sarafu kwenye mkono wa mtu anayesugua mguu kwenye lile jiwe, ukumbi ukaanza kuwa na watu.

Na kuna kimoja hakiko Posta wala kisiwani. Vasco da Gama alipopita Kilwa 1502 alimlazimisha mtawala kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ilikwenda kwa mfalme wa Ureno, ikayeyushwa, na 1506 ikamalizika kuwa monstransi, kile chombo padri anachonyanyua kwenye ibada ya Ekaristi, kwa ajili ya monasteri ya Belém. Kipo Lisbon kwenye jumba la makumbusho mpaka leo, kinaitwa monstransi ya Belém, kina mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Kwa hiyo ukiniuliza mimbari na taa za Kilwa ziko wapi, mimi sina jibu, lakini najua dhahabu yake imekaa kwenye makumbusho ya watu wengine.

Alama zangu. Kazi ya kuba na nguzo, kumi juu ya kumi, hata ile ya kuanguka naipa tisa kwa kuthubutu. Ukarabati nane, chokaa wameitendea haki, nimepunguza mbili kwa sababu mimi mwenyewe ningependa kuona walau kuba moja imerudishiwa bakuli zake, hata za kuiga, mtu ainue kichwa aone. Vitu vya ndani sitoi alama, vimeshaenda. Mtembezaji kumi na soda. Mwandaaji wa trip anajua mwenyewe.

Mwezi wa nane narudi na kijana wangu wa saiti, mpango ni Posta kwanza Ijumaa, halafu usiku basi la Kilwa, na safari hii naibeba timazi yangu, kuna nguzo moja upande wa mashariki nimeitilia shaka.